Giaboksi ya Marehemu Pantaleo

Lile panga halikushuka.

Najua mmekaa wiki nzima mkilingoja lishuke. Msomaji mmoja wa Kahama ameniandikia barua kabisa, akinilaumu eti nimemuua Mihayo mapema. Sijamuua, baba, tulia. Panga lilibaki palepale tulipoliacha: bapa lake la baridi juu ya kifundo cha mguu wa Mihayo, na Mihayo mwenyewe amelala chali chini ya Landrova ya marehemu, spana mkononi, hajalegeza hata nati moja.

"Toka chini ya gari la kaka yangu," Mabula alisema tena.

Mihayo akatoka. Angefanyaje? Alijisukuma kwa mgongo kwenye tope, akaketi, akamtazama mwenye panga.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sikiliza haraka kisha twende. Ni Machi ya mwaka hamsini na saba, Nyarugusu, mvua haijakatika siku tisa. Jana alasiri maji yalibomoa ukuta wa shimo la mzungu ambaye vijana humwita Bwana Kofia. Yakawafungia chini wawili: Maduhu, mdogo wake Mihayo wa tumbo moja, na mwenzake Theonest. Wako hai. Wamekimbilia njia ya pembeni ambayo mwisho wake umepanda kidogo, na maji yanawafuata humohumo.

Pampu ya shimo lile huendeshwa kwa mkanda, na mkanda huzungushwa na puli iliyo nyuma ya Landrova anayoiendesha Mihayo. Alfajiri ya leo giaboksi ya Landrova hiyo ilisagika meno. Puli ikasimama, pampu ikasimama, na maji yakaendelea na safari yake.

Landrova nyingine yenye puli katika Nyarugusu nzima ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Pantaleo, aliyeitumia kuendeshea kinu cha kusagia mahindi pale sokoni, mpaka mto ulipomchukua yeye na gari lake wiki tatu zilizopita. Injini yake ilijaa mchanga, haifai hata kwa chuma chakavu. Giaboksi ilikuwa nzima.

Na Bwana Kofia? Yuko Mwanza, anakula sato. Tumwache.

"Mabula, ndugu yangu," Mihayo alisema, "Maduhu yumo ndani ya maji. Mmecheza ngoma pamoja nyinyi."

"Tumecheza."

"Basi?"

"Basi ndiyo maana nakuambia utoke. Matanga hayajaanuliwa. Kitu cha marehemu hakiguswi. Ukikitoa leo, kesho atakuja kukiulizia, na atakayeulizwa ni wewe."

"Nani anaanua?"

"Baba mkubwa. Yuko Runzewe, tumemtumia habari. Atafika Jumatano."

"Leo ni Jumatatu."

"Najua leo ni Jumatatu, Mihayo!"

Usimchukie Mabula upesi. Ni yeye aliyeuchomoa mwili wa kaka yake kwenye matete kwa mikono yake, siku ya pili, peke yake, wengine wakiogopa mamba. Mtu aliyefanya kazi ile hachezi na mambo ya wafu. Alikuwa anaogopa kwelikweli, na sehemu kubwa ya woga wake alikuwa anamwogopea Mihayo.

Hapo akafika mbio mmoja wa wachimbaji, pumzi juu juu.

"Mafundo sita!" alisema. "Yamebaki sita!"

Mihayo alifumba macho. Pale shimoni walikuwa wakishusha kamba yenye jiwe, kamba iliyofungwa mafundo, dhiraa moja kutoka fundo mpaka fundo. Sita ndiyo nafasi iliyobaki kati ya maji na dari pale walipojikunyata wale wawili. Na kwa saa moja maji yalikuwa yanakula fundo moja, ndoo za watu arobaini zikivuta bila kupumzika. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe.

"Mabula, nitakupigia magoti."

"Usinipigie. Si mimi ninayekukataza."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama Esta akatoka.

Huyu ndiye Philomena, mjane wa Pantaleo. Wiki tatu alikuwa haketi kitini, hasemi na wanaume ila kwa kunong'ona, kaniki yake nyeusi ndiyo nguo yake ya mchana na usiku. Alikuwa ameyasikia yote kutoka ndani. Mkono mmoja alishika bakuli la maji, mkono wa pili wembe.

Akaketi chini, mbele ya Landrova ya mumewe. Akalowesha nywele. Akaanza kunyoa.

"Shemeji!" Mabula alishtuka. "Unafanya nini?"

"Naanua matanga."

"Mwanamke haanui matanga!"

"Nizuie."

Mabula akabaki na panga lake. Nani amemwona mtu mzima akimshika mkono mke wa marehemu kaka yake, na wembe umo ndani ya mkono huo?

"Mume wangu alipokuwa anakwenda na maji," Philomena alisema, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "mimi nilikuwa nimesimama ukingoni. Sikuwa na kamba. Sikuwa na mtu. Nilimtazama mpaka nikaona kiganja tu, kisha sikuona kitu. Leo Bernadina, mke wa Maduhu, yuko pale shimoni anamtazamia mumewe vilevile, na dawa ya mumewe iko uani kwangu. Nimwambie nini? Asubiri mpaka baba mkubwa afike kutoka Runzewe?"

Wembe ukamkata juu ya sikio. Hakusimama.

Wanawake wa jirani wakaanza kulia. Mabula alilitazama lile fungu la nywele likianguka kwenye tope, kisha akainama, akalichomeka panga ardhini.

"Itoke," alisema. "Lakini mkono wa mgeni usifungue. Kila nati nitaifungua mimi. Mimi ni damu yake. Akiuliza, aniulize mimi."

"Umewahi kushika spana?" Mihayo aliuliza.

"Sijawahi."

Mungu wangu.

Nati ya kwanza Mabula aliikaza. Aliizungusha upande usio wake kwa nguvu zote za mtu aliyezoea jembe, mpaka spana ikateleza na kumchuna vidole. Ya pili vilevile. Mihayo alijifunza kazi hii jeshini, wakati wa vita, kule Burma, chini ya mvua mbaya kuliko hii. Angeweza kuishusha giaboksi ile huku anasinzia. Leo alikuwa amelala ubavuni mwa mtu asiyejua kushoto na kulia kwa nati, mikono yake mwenyewe haina kazi.

"Kushoto, Mabula. Kushoto kwako."

"Kushoto nikiwa nimelala au nimesimama?"

Angecheka siku nyingine. Mwishowe aliweka kiganja chake juu ya kiganja cha Mabula, wakawa wanazungusha mikono miwili, damu ya ndugu chini na ufundi juu. Wakatoa viti. Wakatoa mabati ya sakafu. Wakafungua shafti ya mbele na ya nyuma. Kazi ya saa moja na nusu ikala saa tatu kasoro, na kila mara mjumbe alikuja mbio kutoka shimoni, na kila mara idadi ya mafundo ilipungua.

Saa tano kasoro robo walipitisha gogo juu ya gari, wakafunga mnyororo wa kinu cha marehemu, na wanaume wanane wakainua. Giaboksi ikapanda kupitia pale palipokuwa na viti, na puli yake nyuma, nzimanzima, imejaa tope la mto.

"Ioshwe haraka," Mihayo alisema. "Nisije nikasukuma mchanga ndani."

"Nitaosha mimi," Mabula alisema.

Mihayo hakubisha. Alikuwa amechoka kubishana. Akampa debe la mafuta ya taa na kitambaa, akamwonyesha kifuniko cha nyuma, pale shafti ya giaboksi inapoungana na shafti ya puli. Fungua hapa, osha, funga. Yeye akageukia upande wa mbele, kuangalia klachi.

Mabula akafungua, akaosha, akafunga. Safari hii hakukosea upande. Kisha akasema anakwenda nyuma ya nyumba mara moja, haja ndogo. Aliporudi magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu.

Yakumbukeni magoti hayo. Mihayo hakuyaona.

Wakaibeba ile giaboksi begani, wanane, nusu maili ya utelezi. Sijui kama mmewahi kuona wanaume wanane wakitembea kimya na mzigo unaoning'inia kwenye gogo. Akina mama waliokuwa wakitoka sokoni waliweka vikapu chini wakajifunga kanga viunoni, wakidhani ni mmoja wa wale wawili ametolewa. Ilibidi Philomena, kichwa chake cheupe kinang'aa kwa mvua, atangulie akipaza sauti: "Ni chuma! Jamani, ni chuma tu!"

Bernadina walimkuta palepale alipokuwa tangu jana.

Alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa shimo, hereni amevua, sikio lake limebanwa kwenye bomba la pampu. Bomba lile lilishuka moja kwa moja mpaka ile njia ya pembeni, na wale wawili chini walikuwa na nyundo. Maduhu aligonga mara tatu. Theonest aligonga mara mbili. Hivyo ndivyo walivyokubaliana na dunia ya juu tangu jana: tatu ni mimi, mbili ni mwenzangu, tupo. Kutu ya bomba ilikuwa imemchora Bernadina mstari mwekundu kutoka sikioni mpaka kidevuni.

"Shemeji," alimwambia Mihayo bila kunyanyua kichwa. "Tatu. Halafu mbili. Wanapishana vizuri."

"Mwambie mumeo nimekuja na giaboksi."

"Nitamwambiaje?"

"Gonga tu."

Akagonga. Chini wakajibu. Tatu. Mbili.

"Mafundo mawili na nusu!" aliita mwenye kamba.

Sasa hapakuwa na masharti ya mkono wa nani. Giaboksi ilikuwa inaingia kwenye Landrova ya Mihayo, na Mihayo alifanya kazi kama ilivyompasa tangu asubuhi. Wanane wakaishusha polepole, yeye chini akiielekeza kwa mabega, akitukana, akiomba, akitukana tena. Mara ya kwanza haikuingia kwenye klachi. Mara ya pili haikuingia. Mara ya tatu ikaingia kwa mlio mdogo, na Mihayo akabaki amelala pale chini kidogo, machozi yanamtoka bila yeye kujua.

"Oili," alisema.

Hapo likazuka jipya. Oili hapakuwa. Pipa la Bwana Kofia lilikuwa tupu, na ya giaboksi iliyovunjika ilikuwa imejaa vipande vya meno ya chuma. Waliikinga ile kwenye karai. Philomena akachukua kanga begani kwa Bernadina, wakaichuja mara nne, vyuma vikabaki kwenye maua ya kanga. Oili ikafika nusu.

"Nusu haitoshi," Mihayo alisema. "Itashika moto, itajifunga."

Akajitokeza Bibi Mbuke, mfugaji wa upande wa pili wa kijito, mwanamke mzee aliyekuwa amesimama pale tangu asubuhi na kibuyu chake cha kupeleka sokoni.

"Samli haiwezi?" aliuliza.

Mihayo alimtazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuuliza, samli haiwezi?"

Hakuna mwalimu wa jeshi aliyewahi kufundisha habari hiyo. Lakini mafuta ni mafuta, na mafundo yalikuwa yamebaki moja na robo. Wakaipasha samli ya kibuyu kizima kwenye sufuria, wakaimimina.

"Wabeja, mayu," Mihayo alimshukuru bibi kwa Kisukuma, akiifunga nati ya mwisho.

Akapanda. Akawasha. Injini ikanguruma mara moja tu na kukubali. Alikanyaga klachi, akaweka gia, akavuta mkono wa puli, akaachia klachi taratibu. Watu wote walikuwa wanaitazama ile puli.

Haikuzunguka.

Akatoa gia, akaweka tena. Ndani ya giaboksi kulisikika mzunguko laini, mzuri kabisa. Giaboksi ilikuwa inafanya kazi. Puli ilikuwa imelala.

"Mbona haizunguki?" aliuliza Philomena.

Mihayo aliruka chini na spana. Akafungua kile kifuniko cha nyuma, nati nne. Akaingiza mkono. Akautoa. Akauingiza tena, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko anaoujua kuwa una sarafu.

Pale palitakiwa pawe na pete ya chuma yenye meno ndani, inayoenea kiganjani, inayozishikisha shafti mbili ziwe moja. Bila hiyo giaboksi inazunguka peke yake na puli inalala. Ile ya Mihayo mwenyewe ilikuwa imesagika pamoja na giaboksi yake. Hii ilikuwepo asubuhi. Aliiona kwa macho yake Mabula alipokuwa akifungua kifuniko, kabla yeye hajageukia klachi.

Akageuka.

Mabula alikuwa amesimama nyuma ya watu, ametazama chini. Sasa Mihayo akayaona yale magoti.

"Mabula. Iko wapi?"

"Kilikuwa kidogo," Mabula alisema. "Kwenye chuma kikubwa kama kile, nikasema kimoja hakitajulikana."

"Iko wapi!"

"Nimemwachia kaka yangu fungu lake. Nimefukua kidogo pale kichwani kwake, nikamwekea. Nilifanya kwa ajili yako, Mihayo. Ili asikufuate. Ukichukua chote atakufuata. Ukimwachia chake atatulia."

Mihayo alinyanyua spana. Naapa aliinyanyua, na watu wakarudi nyuma. Kisha mkono ukashuka wenyewe. Ungempigaje mtu aliyefanya wema?

"Nenda kailete."

"Nimeshampa." Mabula alificha mikono nyuma. "Siwezi kumnyang'anya. Niue kama unataka, lakini mkono wangu hauwezi."

"Kichwani, umesema?" Philomena aliuliza. Hakungoja jibu. Alikuwa ameshaipandisha kaniki magotini na kuanza kukimbia, nusu maili ya utelezi, kuelekea kaburi la mumewe.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo Mihayo alipobaki mtu wa bure. Fundi, spana mkononi, gari linawaka, mkanda umekaa tayari, na hakuna cha kufanya. Alikaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Akafuta puli kwa mkono wa shati. Vijana wa ndoo waliendelea kuvuta, na waliomwaga na waliovuta wote walijua kwamba hazisaidii.

"Nusu fundo na kidogo!" aliita mwenye kamba, sasa kwa sauti ya chini.

"Shemeji," aliita Bernadina.

Mihayo akaenda, akachutama.

"Zima gari kidogo, sisikii vizuri."

Akazima. Gari lilikuwa halina kazi kwa wakati ule. Akasubiri. Bernadina alifumba macho, sikio kwenye bomba.

"Mbili," alisema.

Wakangoja.

"Mbili," alisema tena.

"Na tatu?"

"Anapumzika. Amegonga tangu jana, mkono umechoka. Si kweli?"

"Ni kweli," Mihayo alisema.

Akamwomba ampishe. Akaweka sikio lake mwenyewe, akachukua nyundo, akagonga mara tatu. Maduhu, ni mimi. Akangoja. Akasikia maji. Halafu zikaja, dhaifu, za mbali.

Mbili.

"Amesema nini?" Bernadina aliuliza.

"Amejibu," Mihayo alisema, akasimama upesi ili asiulizwe tena.

Philomena alirudi akiwa amelowa udongo mpaka mabegani. Alianguka mara mbili njiani na hakuiachia. Aliiweka pete ile kwenye kiganja cha Mihayo, kucha zake zinavuja damu, akaketi chini. Mabula alimwona, akafunika uso.

Dakika sita. Mihayo aliifuta kwa fulana yake, akaisukuma mahali pake, akafunga kifuniko, nati nne, mikono inajua njia. Akawasha. Akaweka gia. Akavuta mkono wa puli.

Puli ikazunguka.

Mkanda ukanyooka, gurudumu la pampu likaanza kuzunguka, na ile fimbo ndefu ya chuma iliyo ndani ya bomba ikaanza kazi yake ya kuvuta. Kwa muda hapakutoka kitu. Kisha likatoka tope, kisha maji, kisha maji mengi mekundu yakaruka mpaka kwenye miguu ya watu, na vijana wa ndoo wakatupa ndoo zao wakapiga mayowe na vigelegele, wanaume wazima.

Mkanda ukaanza kuruka. Ulikuwa umelowa. Mihayo alidaka gogo, akaukandamiza kwa mikono miwili, na ulipotulia akajua kwamba hawezi kuliachia tena. Akiliachia, mkanda unatoka. Giaboksi ya marehemu ilikuwa inanukia samli, harufu ya jikoni siku ya harusi.

"Fundo moja!" mwenye kamba alilia. "Yanashuka! Moja na vidole vitatu!"

Bernadina hakupiga kigelegele. Alikuwa na sikio lake kwenye bomba, na sasa ndani ya bomba mlikuwa na fimbo ya chuma inayopiga juu chini, juu chini, bila kupumua.

Akanyanyua kichwa.

"Sisikii," alisema.

Akabana sikio la pili.

"Mihayo, sisikii kitu! Ni pampu tu! Zima kidogo."

"Siwezi, Bernadina."

"Kidogo tu. Nisikie tatu, halafu uwashe."

"Sina oili humo, nina samli! Ikisimama sijui kama itakubali tena. Maji yatarudi."

"Dakika moja, shemeji."

"Siwezi! Theonest yuko hai kule chini, Bernadina, siwezi kumzimia!"

Neno lilikuwa limeshatoka.

Bernadina alimtazama. Mstari mwekundu wa kutu ulikuwa umekauka shavuni mwake.

"Theonest," alisema.

"Sikukusudia..."

"Umesema Theonest."

Akasimama. Magoti yake yalikuwa yamekufa ganzi, akayumba, akashika ubavu wa Landrova, akatembea nao taratibu kuelekea mlango wa dereva.

"Mshikeni!" Mihayo alipiga kelele. "Mabula! Jamani, mshikeni!"

Lakini injini ilikuwa inanguruma, maji yanaruka, watu arobaini wanashangilia kupona kwa wawili. Hakuna aliyegeuka. Mabula alikuwa amefunika uso. Philomena peke yake alisikia, na Philomena, aliyewahi kusimama ukingoni, alimtazama Bernadina akipita na hakunyanyua mkono.

Mihayo alivuta pumzi aache gogo. Mkanda ukaruka. Akalikandamiza tena.

Bernadina aliingiza mkono ndani ya gari, akaushika ufunguo.